Saa Tatu na Dakika Kumi

Waliozoea chumba kile cha kusomea nyaraka walimwita mtunza nyaraka Bwana Penseli, na wala hawakumwonea. Ukimsalimia anaitikia vizuri tu, anakukaribisha, na kabla hujavuta kiti ameshakuuliza kama una kalamu ya wino. Ukiwa nayo unaiacha kwenye kopo mezani kwake, unapewa penseli iliyochongwa, na hapo ndipo unahesabiwa kuwa mtu. Mkoba unabaki mlangoni. Simu inazimwa. Chupa ya maji, hata kama koo limekukauka, inakungoja nje kwenye benchi. Kuna watu wameoa kwa masharti machache kuliko hayo.

Fundi aliyakubali yote bila kubisha, na hilo si jambo dogo, maana mama huyu alikuwa mtu wa kubisha. Alikuwa fundi cherehani, na kwa miaka thelathini na zaidi alikuwa akibishana na watu wazima juu ya viuno vyao wenyewe. Jina la Fundi lilikuwa limemganda hivi kwamba hata wajukuu walimwita Bibi Fundi. Siku ile alifunga duka katikati ya wiki, akavaa gauni lake la heshima, akapanda ngazi mpaka ghorofa ya pili ya jengo la nyaraka. Alikuja na swali moja tu. Alitaka kujua kama alimkuta baba yake.

Neno lenyewe dogo, lakini lina makali. Mtoto aliyezaliwa mzee wake angali hai, hata kama ni kwa siku moja, huyo amemkuta. Aliyezaliwa mzee ameshakata roho hakumkuta, yakaisha. Sasa Fundi alizaliwa siku ileile aliyokufa baba yake, tena katika hospitali ileile: baba wodi ya wanaume, kifua kimembana, na mama wodi ya wazazi, upande wa pili wa veranda. Cheti cha kuzaliwa na cheti cha kifo vina tarehe moja. Saa havisemi.

Mama yake alikuwa na kisa chake, na Fundi alikisikia mara nyingi sana utotoni, kila mara akikiomba mwenyewe. Kwamba alizaliwa usiku. Kwamba nesi hakungoja hata akauke vizuri, alimfunga kwenye shuka, akavuka naye veranda, akampa baba yake ambebe. Baba akambeba mpaka usingizi ukamchukua, nesi akamrudisha mtoto kwa mama. Ni hicho tu. Kisa kifupi, lakini mtoto asiye na baba anakitafuna kama miwa, hamalizi.

Halafu alipokuwa na miaka ishirini na miwili, na posa yake iko mezani, baba mdogo alikuja kukaa kikao. Baba mdogo ni mdogo wake marehemu, mtu mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto, na hajawahi kusema uongo kwa sababu hajawahi kuona haja. Alipoulizwa habari za ukoo na wageni wa upande wa pili, akasema bila kupepesa kwamba binti huyu hakumkuta baba yake. Yeye mwenyewe, akiwa kijana wa miaka kumi na mitano, alifika hospitali saa nne asubuhi, akamkuta kaka yake amefunikwa shuka. Ndipo akaitwa upande wa pili aonyeshwe mtoto. Mtoto alikuja baada.

Fundi alimeza hilo mbele za wageni. Wageni walipoondoka akamgeukia mama yake, na ulimi hauna mfupa. Alimwambia yeye si mtoto tena, na kwamba amechoka kudanganywa. Mama alikuwa anakunja vitambaa vya meza. Akakunja kilichokuwa mkononi mpaka mwisho, akasema, "Haya." Hakukisimulia kisa kile tena, si siku hiyo, si wakati Fundi anajifungua watoto wake mwenyewe, si hata mwisho alipokuwa kitandani na yote mengine ameyasimulia mara mbili mbili. Miaka thelathini na sita. Maji yakimwagika hayazoleki, na Fundi alijua fika ni nani aliyeyamwaga.

Miezi minne iliyopita wakamzika mama. Pale msibani baba mdogo akasimama kutambulisha familia, na alipofika kwa Fundi akasema, kwa upole kabisa, na huyu ndiye wa pekee, hakumkuta baba yake. Watu wakaguna kwa huruma. Fundi akatazama kushoto, mahali ambapo mama yake angekuwa amekaa, na kwa mara ya kwanza akatamani kubishana na mtu kuhusu jambo hilo, na mtu wa kubishana naye ndiyo kwanza ametoka kufukiwa. Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Je, kama mama alikuwa anasema kweli? Akaenda hospitali, na karani wa huko akamwambia vitabu vya zamani hivyo vilihamishiwa kwenye jengo la nyaraka.

Ndiyo maana sasa alikuwa amekaa kwenye meza ndefu, penseli mkononi, roho juu juu.

Chumba kilikuwa na meza tatu, feni mbili na saa ya ukutani iliyosimama siku nyingi bila mtu kuihurumia. Msomaji mwingine alikuwa mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye alikuja kila siku kutafuta mwaka hasa shule yake ya zamani ilipofunguliwa. Kamati ya jubilei ilikuwa inamngoja, na kwa jinsi alivyosinzia juu ya magazeti yale, itangoja sana. Bwana Penseli alimsukumia Fundi toroli lenye vitabu viwili, akaweka mto wa sponji mezani, akalaza kitabu cha kwanza juu yake kama anayemlaza mgonjwa. Akamwelekeza kufunua karatasi kwa pembe ya juu, asilambe kidole, asiegemee.

Fundi aliipima karatasi kwa kidole gumba na cha shahada, kwa mazoea tu. Nzito, na nzuri. Siku hizi hawatengenezi hivyo.

Kitabu cha kwanza kilikuwa cha vifo. Karani aliyekiandika alikuwa na mwandiko wa kupendeza, herufi zimelala zote upande mmoja, na saa aliziandika kwa maneno. Fundi alitembeza penseli hewani bila kugusa karatasi, akashuka na tarehe mpaka akakutana na jina la baba yake. Jina lote, hadi la babu. Umri, miaka ishirini na tisa. Wodi ya wanaume, kitanda cha sita. Saa mbili na nusu asubuhi.

Alikaa nalo kidogo. Miaka ishirini na tisa! Alikuwa anajua, lakini kujua ni kitu kimoja na kukiona ni kingine. Mtoto wake wa mwisho ana miaka thelathini na moja na bado anamletea suruali ampunguzie.

Kitabu cha pili kilikuwa cha wodi ya wazazi, na aliyekiandika hakuwa na muda wa kupendezesha herufi. Nambari, jina la mama, jinsia ya mtoto, uzito kwa ratili, na mwisho kabisa safu iliyoandikwa SAA juu yake. Kila ukurasa uliandikwa kwa mwandiko huohuo mmoja wa haraka. Alifunua, akafunua, tarehe ikafika, na kwenye mstari wa kwanza kabisa wa ukurasa akaliona jina la mama yake. Mtoto, mke. Ratili sita na nusu. Na saa: 3.10.

Saa tatu na dakika kumi.

Akasoma tena, maana macho nayo huzeeka. Tatu, nukta, kumi. Kama ni asubuhi, baba alikuwa amekufa dakika arobaini kabla. Dakika arobaini! Ni muda wa kushona mfuko wa shati na kuupiga pasi. Na kama ni saa tatu usiku, kwa sababu mama alisema usiku, hapo ndipo mambo yanaharibika kabisa, maana baba angekuwa ameshalala chumba cha maiti kutwa nzima. Alizungusha hesabu huku na huku, na kila ilipoangukia ilimwangukia mama yake. Baba mdogo alikuwa amesema kweli, kama kawaida yake.

Fundi hakulia. Alihisi tu mwili umekuwa mzito, kama mtu aliyepanda ngazi nyingi akaambiwa ofisi imehama. Alimwonea huruma mama yake kuliko alivyowahi kumwonea: msichana aliyefiwa na mume siku ya kuzaa, akatunga kiuongo kimoja kidogo ili mwanawe apate kitu cha kushika, na mwanawe huyo huyo akaja kumnyang'anya. Si heri angemwachia? Kilimpunguzia nini? Akafunika kitabu taratibu, akasimama, akamrudishia Bwana Penseli penseli yake na kumshukuru.

Bwana Penseli hakuipokea. Alimwuliza kama amejaza fomu.

Akamwonyesha. Ilikuwa fomu ya karatasi ya buluu, na sharti lake lilikuwa hili: kila msomaji aliyepata alichokitafuta ananakili mstari huo kama ulivyo, pamoja na mitatu ya juu yake na mitatu ya chini yake, ndipo kitabu kirudi rafuni. Fundi akamwambia kwamba alichokitaka ameshakiona, na majirani wa mama yake wodini hawamhusu ndewe wala sikio. Bwana Penseli akakubali kwamba hawamhusu. Akazidi kumnyooshea fomu.

"Mama," akamwambia, "mstari mmoja unadanganya. Si kwa kupenda. Upweke tu."

Kwa kweli Fundi alitaka kumwambia maneno fulani, tena alikuwa nayo tayari. Lakini mtu aliyevunjika moyo hata ugomvi unamwishia nguvu. Akarudi, akafunua, akaanza kunakili kwa hasira, akikandamiza penseli hadi mwalimu mstaafu akaamka. Juu ya mstari wa mama yake hapakuwa na kitu ila vichwa vya safu. Akashuka chini. Mtoto, mume, ratili saba, 5.45. Sawa. Mtoto, mume, ratili tano na nusu, 9.20. Maskini, mdogo. Mtoto, mke, ratili saba na robo, 13.40.

Penseli ikasimama.

Saa kumi na tatu na dakika arobaini. Fundi alijisomea kwa sauti ya chini, akajisikia mjinga. Saa kumi na tatu ndiyo saa gani? Saa zinafika kumi na mbili, jua linazama, watu wanaanza upya na saa moja. Tangu azaliwe hajasikia mtu akimwambia mwenzake tuonane saa kumi na tatu. Akamwita Bwana Penseli, akamwambia, kwa kuridhika kidogo, kwamba nesi wake amekosea, na kama amekosea hapa pengine amekosea na kwingine.

Bwana Penseli aliinama, akatazama. Akafunua ukurasa wa nyuma, kwa pembe ya juu, akaweka kidole hewani juu ya safu ya saa. 22.05. Juu yake 18.30. Akafunua mwingine. 16.15. 23.50. 0.20. Alikuwa mtu asiye na haraka, lakini safari hii alifunua kwa haraka.

"Hakukosea," alisema. "Huyu nesi alihesabu saa kuanzia saa sita usiku, kama alivyofundishwa kazini. Alikuwa anafuata saa yake. Sisi ndio tumemsoma kwa saa yetu."

Fundi hakuelewa. Au tuseme alielewa, ila moyo ulikataa kumpa ruhusa. Bwana Penseli akasema asimwamini yeye, ahesabu mwenyewe. Basi akahesabu, kwa vidole, mtu mzima na miwani yake, mwalimu mstaafu akinyoosha shingo kutoka meza ya pili. Anza saa sita usiku. Ongeza saa moja, saa saba. Ongeza mbili, saa nane. Ongeza tatu.

Saa tisa. Saa tisa na dakika kumi, usiku.

Hapo akakumbuka kitabu cha vifo, akaingiwa na hofu kwamba na chenyewe kitageuka. Bwana Penseli alikuwa amemtangulia. Alikifungua, akamwonyesha mistari ya juu na ya chini: saa kumi na moja jioni, saa sita mchana, saa kumi na mbili unusu asubuhi. Karani yule aliandika kama watu wanavyosema, na asubuhi yake ilikuwa asubuhi. Mbili na nusu ilibaki mbili na nusu.

Kutoka saa tisa na dakika kumi za usiku mpaka saa mbili na nusu za asubuhi. Fundi alihesabu mara tatu, kwa sababu kitambaa unapima mara tatu ndipo unakata. Ni saa tano na dakika ishirini.

"Nilimkuta," akasema.

Mwalimu mstaafu, ambaye hakuambiwa lolote, akasema hongera. Fundi akacheka, kisha machozi yakaja kwa wingi, na Bwana Penseli akavuta kitabu upande kwa haraka, maana maji ni maji hata yakitoka machoni. Halafu, ili asionekane hana utu, akamletea kiti cha pili aweke mkono.

Alipotulia alimwuliza jambo lililobaki, na aliuliza akiogopa. Kama kuna mahali pameandikwa kwamba baba alimbeba. Bwana Penseli alimjibu bila kumzungusha. Vitabu hivi vinasema nani na lini. Nani alimbeba nani havisemi. Kulikuwa na daftari la zamu la wodi ya wanaume, ambamo manesi waliandika yaliyotokea usiku, lakini la mwaka huo lililiwa na mchwa kabla hata halijaletwa. Kilichobaki ni jalada. Fundi alitikisa kichwa. Akajaza fomu yake hadi mwisho, safari hii polepole, akasaini, na fomu ikagongwa mhuri.

Nje, kwenye ngazi, aliwasha simu na kumpigia baba mdogo. Mzee ana miaka sabini na mitatu sasa na masikio yamechoka, kwa hiyo ilibidi Fundi aseme kwa sauti ambayo ghorofa zote mbili zilinufaika nayo. Alimweleza habari za vitabu viwili, za nesi na saa zake, za saa tisa usiku. Alimweleza kwamba saa nne alipofika yeye, mtoto alikuwa na saa karibu saba duniani. Hakumlaumu, maana mzee alisema alichokiona. Kisha akamngoja abishe.

Baba mdogo hakubisha.

"Walinipa nguo za kaka nikafue," alisema mzee, na sauti yake haikuwa ile ya ng'ambo ya mto. "Shati lilikuwa limelowa mkojo. Hapa kifuani. Nikajiuliza, mtu atajikojoleaje kifuani? Nikawalaani manesi kwamba wamechanganya nguo. Nikalifua nikilia, kwa hasira, kwamba hata kufa hawakumwacha afe msafi."

Fundi aliketi kwenye ngazi, na gauni la heshima na yote.

"Ni wewe," alisema baba mdogo. "Miaka yote hii. Ni wewe uliyemkojolea."

Kicheko kikamtoka Fundi bila kumwomba ruhusa, kikubwa, cha tumboni, watu wawili waliokuwa wanapanda wakampisha kwa heshima. Alicheka akimwona: kijana wa miaka ishirini na tisa kitandani, pumzi zinamwisha, na kitoto cha ratili sita na nusu kimelala juu yake kinamlowesha, na hakukitoa. Kisha kicheko kikamgeukia. Alikumbuka vitambaa vya meza, na mikono ya mama yake ikikunja kile cha mwisho, pembe juu ya pembe.

"Mama, nisamehe," akasema. Hakumwambia yeyote aliyekuwa pale, na alisema kwa sauti ndogo sana.

Baba mdogo, ambaye siku zote lazima umrudilie maneno mara mbili, hilo alilisikia.

"Na mimi," alisema. "Mwambie na mimi anisamehe."